Ni Nani Aliyekuwa Akiendesha?

Masomo: Mwanzo 3:8–13, Matendo ya Mitume 5:1–11



Neno "tochi" limepata maana mpya katika barabara zetu. Zamani lilikuwa jina la taa ya mkononi tu. Siku hizi mtu akisema, "Nimepigwa tochi," hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa. Askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama kando, pengine chini ya mwembe, ameshika kile chombo cha kupimia mwendo, akakielekeza kwenye gari. Chombo kimesoma mwendo na kupiga picha. Picha inatumwa kwa simu kwa askari mwenzake aliye mbele, naye anasimamisha gari wakati dereva amekwisha kukisahau kile kijiji alichopita. Anaonyeshwa picha. Gari ni lake, namba ni yake, na mwendo, tuseme, ni kilomita 74 kwa saa mahali palipoandikwa 50. Faini ni shilingi 30,000.

Juu ya tochi kila mtu ana maneno yake, na mengine hayafai kuandikwa katika gazeti la kanisa. Mimi nataka tutazame yale yanayofuata baada ya mtu kunaswa. Kosa la mwendo hutendwa kwa sekunde chache, na mara nyingi mtu hata hakutia nia. Lakini akiisha kunaswa hupewa muda wa kufikiri, kisha husema neno. Neno hilo amelitia nia. Basi hilo ndilo linaloonyesha moyo wake ulivyo.

Twende kwanza Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limepangwa kwa namna inayotufaa katika somo letu.

Huko kamera nyingi zimefungwa juu ya nguzo, wala hapana askari karibu. Mmoja wa waanzilishi wa kamera hizo alikuwa Mholanzi, Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda yale ya Monte Carlo mwaka 1953. Yeye alitafuta chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe kwenye kona, apate kwenda kasi zaidi! Kamera ya aina yake hupiga picha mbili, moja baada ya nyingine mara moja, na barabarani pamechorwa mistari myeupe, ili hatua aliyokwenda mtu kati ya picha ya kwanza na ya pili ilinganishwe na mwendo uliosomwa na rada. Torati inataka neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Waingereza wamelifuata, wakijua au wasijue.

Kisha inakuja barua. Sheria inataka itumwe kwa mwenye gari katika siku 14. Inataja tarehe, saa, barabara na mwendo. Sasa angalieni, wapendwa: barua hiyo haimwulizi mtu kama gari lilikwenda kasi. Hilo linajulikana. Inauliza jambo moja tu: ni nani aliyekuwa akiendesha? Mwenye gari ana siku 28 za kujibu. Akijibu kweli, na kosa likiwa dogo, huenda akaandikiwa faini ya pauni 100 na pointi 3 katika leseni yake, au akapewa nafasi ya kwenda darasani kwa saa chache, kwa gharama yake mwenyewe, akafundishwa hatari za mwendo kasi bila kuandikiwa pointi. (Mimi kama mwalimu nalipenda hilo la darasa.) Lakini akikataa kumtaja dereva, hilo ni kosa jingine, na pointi zake ni 6. Kunyamaza kunaadhibiwa mara mbili ya kosa lenyewe. Na pointi zikifika 12 katika miaka mitatu, kwa kawaida mtu hunyang'anywa leseni kwa muda.

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, tuliwaambia vijana kwamba mwalimu haulizi swali kwa sababu hajui jibu. Anauliza ili mwanafunzi ajisikie mwenyewe akijibu. Hivyo ndivyo Bwana Mungu alivyofanya bustanini jioni ile. Alimwuliza Adamu yuko wapi. Je, macho ya Mungu hayakuona kichaka kile? Aliuliza ili kumpa Adamu mahali pa kusimama na kusema, "Ni mimi." Adamu hakusimama hapo. Alimtaja mkewe, tena akaongeza kwamba mwanamke yule alipewa na Mungu mwenyewe, kana kwamba lawama ina njia ya kurudi mbinguni. Mwanamke naye akamtaja nyoka. Walikuwa watu wawili tu duniani, na tayari kosa lilikuwa limehamishwa mara mbili.

Mtu atasema hayo ni mambo ya zamani. Mwezi wa Januari 2006, huko Sydney, Australia, kamera ilipiga picha gari la Marcus Einfeld, aliyekuwa zamani jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya nchi ile. Mwendo ulikuwa kilomita 60 mahali pa 50. Faini ilikuwa dola 77. Jaji huyu akala kiapo mahakamani kwamba hakuwa akiendesha yeye, bali alikuwa amemwazima gari rafiki yake, profesa wa kike kutoka Marekani. Kesi ikafutwa. Kisha mwandishi wa habari akachunguza, akaona kwamba profesa yule alifariki mwaka 2003. Jaji alikuwa amemtwisha marehemu kosa la kilomita kumi! Mwezi wa Machi 2009, akiwa na umri wa miaka 70, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uongo huo. Mtu aliyewaapisha wengine maisha yake yote alifungwa kwa kiapo chake mwenyewe.

Habari ya pili ni ya mtu na mkewe, na nawaomba wana ndoa waisome taratibu. Mwaka 2003 Chris Huhne, mjumbe wa Bunge la Ulaya kutoka Uingereza, alinaswa na kamera akielekea London. Leseni yake ilikuwa karibu kujaa pointi. Barua ilipokuja kuuliza ni nani aliyekuwa akiendesha, likaandikwa jina la mkewe, Vicky Pryce, naye akazipokea pointi zile. Jambo likaonekana limekwisha. (Wala hakuiokoa leseni yake: mwaka uleule alizuiwa kuendesha kwa kosa jingine, la kuongea na simu akiwa kwenye usukani.) Miaka ikapita, Bwana Huhne akawa Waziri wa Nishati mwaka 2010. Mwaka huohuo ndoa ikavunjika, kwa kuwa alimwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke mwingine. Mwaka 2011 mambo ya pointi yakatokea magazetini, yakitoka kwa yule mama. Waziri akajiuzulu Februari 2012 aliposhtakiwa, na mwaka uliofuata akakiri. Mama alijitetea kwamba mumewe alimlazimisha, lakini mahakama haikukubali. Tarehe 11 Machi 2013 walihukumiwa siku moja, kila mmoja miezi minane. Kosa la sekunde chache lilikuwa limelala nyumbani mwao miaka kumi.

Tukisoma habari ya Anania na Safira, twaona nyumba ileile. Hakuna aliyewalazimisha kuuza kiwanja wala kuleta fedha yote. Petro alisema wazi kwamba mali ilikuwa yao. Kosa lao lilikuwa maneno waliyopatana kusema. Safira aliingia muda wa saa tatu baada ya mumewe, hajui yaliyotukia, na Petro akamwuliza bei ya kiwanja. Mimi naamini swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa. Safira angeweza kutoka kwa mlango huo. Lakini alikuwa amekubaliana na mumewe, akaona kwamba kumtii mumewe katika uongo ndiyo ndoa. Akina mama wa Umoja wetu, nasema nanyi kwa heshima: kumchukulia mume mzigo wake ni jambo jema, lakini kumchukulia uongo wake ni kumwacha peke yake ndani ya uongo huo. Na akina baba, tusijifiche. Ni nani aliyekuja na shauri lile kwanza?

Nimetaja habari mbili za huzuni, basi nitaje na ya tatu, ambayo ni fupi kwa sababu mtu hakuirefusha. Mwezi wa Oktoba 2022 kamera ilimnasa Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, karibu na makao yake ya Lambeth, London, akiendesha gari kwa maili 25 kwa saa mahali pa maili 20. Kwetu hiyo ni kama kilomita 40 mahali pa 32, mwendo ambao hapa baiskeli kwenye mteremko ingeupata. Ofisi yake ilieleza kwamba alijaribu kulipa mapema na karatasi zikapotoshana. Hata hivyo jambo lilifika mahakamani, naye akakiri kosa. Mwezi wa Mei 2023 alitozwa pauni 510 pamoja na gharama zote, na pointi 3. Magazeti yaliandika, watu wakacheka kidogo, ikaisha. (Alijiuzulu Novemba 2024 kwa jambo jingine kabisa, zito mno, ambalo halimo katika somo hili.) Katika jambo la kamera, hapakuwa na mke wala dereva wala marehemu aliyetwishwa.

Sasa turudi kwetu, maana isije ikaonekana kwamba uongo wa barabarani ni wa Wazungu.

Kila Jumapili tunapiga magoti na kuungama pamoja kwa sauti. Ni maungamo mazuri, nami nayapenda tangu utoto. Lakini kwa kuwa yamewekwa kwa ajili ya watu wote, hayataji tarehe wala saa wala mahali. Mtu anaweza kuyasema miaka hamsini bila kutaja jambo hata moja. Torati ilitaka zaidi: mwenye hatia aungame lile jambo alilolikosa, lenyewe (Mambo ya Walawi 5:5). Na Zakayo aliposimama mbele ya Bwana alitaja hesabu: nusu ya mali, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Karatasi ya faini inatufundisha jambo hili tusilolipenda, kuungama kwa tarakimu.

Nasi tunafanyaje? Wapo wanaoteremka na leseni iliyokunjiwa noti ndani, ili picha ile isahauliwe. Askari wengine huipokea. Wapo pia, nasi tuwaombee, wanaoirudisha noti na kuandika karatasi. Wapo wanaowawashia taa wenzao kuwaonya kwamba mbele kuna tochi, na jambo hilo linaitwa upendo. Tena basi la abiria likisimamishwa, ghafla ndani yake kuna mgonjwa mahututi ambaye hakuna anayemjua jina. Watu arobaini wanamtetea mgonjwa huyo, na baadhi yao wametoka kanisani asubuhi hiyohiyo. Dakika kumi kabla walikuwa wakimpigia dereva kelele kwamba anatembea kama anapeleka mayai.

Kibao cha 50 hakikuwekwa kwa ajili ya askari. Walimu wa hesabu watanisaidia hapa. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita meta 14 kila sekunde. La kilomita 80 hupita meta 22. Tena nguvu ya kugonga huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka 50 kufika 80 nguvu hiyo inazidi mara mbili na nusu. Watoto wa shule wanaovuka barabara na madaftari yao hawajui hesabu hiyo. Anayetakiwa kuijua ni aliyeshika usukani.

Au aliyemwamuru. Hapa ndipo swali la barua linapotufikia wengi ambao hatuna hata leseni. Mkubwa ameketi kiti cha nyuma: "Kijana, ongeza mwendo, kikao ni saa nne." Kijana anaongeza. Tochi ikipiga, mkubwa anaanza kusoma gazeti. Karatasi inaandikwa jina la kijana, na mwisho wa mwezi shilingi 30,000 zinapungua katika mshahara ambao wote tunajua si mkubwa. Ni kweli kwamba mbele ya sheria aliyeshika usukani ndiye mwendeshaji, naye angeweza kukataa. Lakini mbele za Mungu, Daudi hakuwa vitani siku Uria alipouawa, na Nathani hakuwaendea wapiga upinde wa Waamoni. Alikwenda nyumbani kwa mfalme.

Katika parishi yetu magari hukodiwa kwa mazishi, kwa arusi, kwa safari za kwaya, na kwa kuwapeleka wajumbe dayosisi. Wazee wa kanisa wanajua kwamba mara nyingi tunachelewa kuanza, kwa sababu ya chai au hotuba, kisha tunamtaka dereva aifidie saa tuliyoipoteza sisi. Napendekeza halmashauri ya parishi izungumze jambo hili katika kikao kijacho: faini ya safari ya kanisa ilipwe na nani, ikiwa walioagiza haraka walikuwa ndani ya gari? Daftari la safari lipo ofisini. Lina safu ya jina la dereva, na hiyo hujazwa kila mara. Lina pia safu ya saa ya kuondoka na safu ya aliyeagiza safari. Nimelipitia kwa ruhusa ya katibu, na kurasa nyingi safu hizo mbili ni tupu.