Usia kwa Mshika Fungu la Chuo

Mwanangu, umekabidhiwa ofisi ya mipango na fedha ya chuo kikuu, na barua za pongezi bado zinamiminika. Zisome, ufurahi. Ukimaliza nisikilize mimi mzee wako niliyestaafu, niliyekwisha kuyasema maneno haya katika vikao vingi mpaka nikayachoka mwenyewe. Sina tena sauti ya kugombana na mtu. Ninalo ombi moja: msimu wa bajeti ukifika, fungu la mafunzo ya wafanyakazi lisiwe la kwanza kukatwa.

Najua mambo yatakavyokuwa. Mishahara inatoka Hazina, huigusi. Bili ya umeme haingoji. Paa la bweni linavuja na wanafunzi wanalalamika, tena wana haki. Mhadhiri msaidizi aliyekosa ada ya masomo hana wa kumsemea, basi kalamu itaangukia kwake. Utajiambia ni kwa mwaka huu tu. Waliokutangulia nao walijiambia hivyohivyo, ikawa desturi.

Kumbuka tulikotoka. Chuo chetu kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, walimu wake wengi walikuwa wageni. Wakubwa wa wakati ule hawakuridhika na hali hiyo. Vijana walipelekwa ng'ambo kusoma, wakfu wa Rockefeller wa Marekani ukisaidia gharama, na nafasi za kazi zikatengwa kwa ajili ya watakaorudi. Ilijulikana nani anakwenda, anasomea nini, na akirudi atafundisha wapi. Ndiyo maana chuo hicho, kikiwa kimehamia Mlimani, kilipokuwa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam mwaka 1970, wahadhiri wazalendo walikuwa wamekwisha kuingia madarasani.

Kisha ukaja ukata wa miaka ya 1980. Mshahara wa mwezi ukawa haufiki katikati ya mwezi, na watu tuliowasomesha kwa gharama kubwa wakahamia Botswana, Lesotho na kwingineko kusini. Baadaye ajira nazo zikabanwa. Matokeo yake ukayaona wewe mwenyewe ulipokuwa mwanafunzi: maprofesa wenye mvi wanaohesabu siku za kustaafu, vijana wenye shahada moja au mbili, na katikati yao watu wa kuhesabika.

Pengo hilo tuliwaachia wafadhili walizibe. Siwasemi vibaya. Wasweden wamesaidia utafiti wetu tangu miaka ya 1970; Wanorwe wamesomesha watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro; na mradi wa HEET wa kuinua elimu ya juu, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, ulitengewa dola milioni 425, ndani yake yakiwemo masomo ya wahadhiri. Lakini cha kuazima hakisitiri matako. Mfadhili ana muda wake na ana fani azipendazo. Atalipia malaria na tabianchi, nawe utabaki ukijiuliza nani atamsomesha mwalimu wa falsafa. Tazama shirika la misaada la USAID: Marekani ililiunda mwaka uleule wa 1961, na Julai 2025 ikalifunga. Miradi ya utafiti na masomo iliyolitegemea ikakatikia njiani.

Kwa hiyo, mwanangu, tenga sehemu ya mapato ya ndani ya chuo, hata ikiwa ndogo. Ipeleke Baraza la Chuo iwe kanuni, ili asije mwingine kuifuta kwa dokezo la nusu ukurasa. Kidogo kinachopatikana kila mwaka kitakuwezesha kupanga. Kikubwa cha mara moja kitakuletea sherehe, kisha ukame.

Katika kugawa, usiwatazame wahadhiri peke yao. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018, inachukua wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja. Wasomaji hao wanamhitaji mkutubi anayejua kusaka makala katika hazina za mtandaoni. Fundi sanifu wa maabara naye huletewa mashine mpya, akaelekezwa haraka na muuzaji, kisha ikiharibika hufunikwa shuka. Hao huwa mwisho wa orodha, nami nakuomba uwapandishe.

Hata mhadhiri, usidhani uzamivu umemaliza kila kitu. Shahada hiyo humfundisha mtu kutafiti. Kusimama mbele ya darasa la mamia, kutunga mtihani wa haki, na kuzitambua kazi za wanafunzi zilizoandikwa na akili mnemba ni mambo ya kujifunza pia, na kozi zake hazihitaji tiketi ya ndege. Wapo wakongwe humo chuoni wanaoweza kuziendesha.

Jihadhari na posho. Utaletewa maombi ya warsha hotelini Bagamoyo, mada ya mwaka jana, majina ya mwaka jana. Mwombaji yeyote muulize: ukirudi, nani mwingine atajua ulichojifunza? Asiye na jibu, mrudishie barua yake kwa upole. Na orodha ya waliopata ibandike ubao wa matangazo. Manung'uniko mengi vyuoni huzaliwa zaidi na orodha za kufichwa kuliko na uhaba wa fedha.

La mwisho ni aliyerudi. Tunamfunga kwa mkataba wa utumishi, tukadhani tumemaliza. Anarudi na shahada yake, anakuta hana meza, vifaa vya utafiti wake havipo, na barua ya kupandishwa cheo inazunguka ofisi kwa ofisi. Mkataba ukiisha, naye anaondoka. Ada uliyomlipia umewalipia wengine. Andaa kazi yake kabla hajarudi.

Hutashangiliwa kwa haya, mwanangu. Jengo jipya huwekewa jiwe la msingi na waziri akaja kulizindua. Mwalimu aliyesomeshwa hana utepe wa kukata. Pamoja na hayo, rasimu ya bajeti ikiletwa mezani kwako, anza na ukurasa wa mafunzo. Ukikuta fungu limekatwa, irudishe rasimu, wala usitie saini mpaka lirejeshwe.