Kiwanda Kimeacha, Wewe Usiache

Ndugu fundi wa Murukulazo, jibu hili umeshalisikia mara ngapi? "Spea hiyo haitengenezwi tena." Muuza duka anageukia mteja mwingine, mwenye gari anashusha pumzi, na Hiace ya miaka ya 1990 iliyokuwa ikipeleka ndizi na wagonjwa Ngara mjini inaanza kuotewa na majani uani. Nakuomba usilipokee jibu hilo kama hukumu. Kilichoacha kutengenezwa ni kile kiboksi cha plastiki. Kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yake ipo palepale, na kazi inajifunzika.

Chukua flasha ya indiketa. Ukiitazama kwa nje utadhani ni siri ya Wajapani, kumbe kazi yake ni moja tu: kuwasha na kuzima taa, mara 60 hadi 120 kwa dakika. Kazi hiyo inafanywa na chipu ya 555, yenye miguu 8, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na mpaka leo inauzwa kwa bei ndogo. Iwekee kapasita ya mikrofaradi 10, rezista ya kiloomu 1 na nyingine ya kiloomu 47, kisha iendeshe rilei ya volti 12: taa zitapepesa takriban mara 90 kwa dakika. Kwenye rilei, 85 na 86 ni koili. 30 inapokea moto wa betri kupitia fyuzi, 87 inaupeleka kwenye swichi ya indiketa. Usisahau dayodi kwenye koili, maana rilei inapokata hurudisha mkupuo wa volti unaoweza kuua chipu. Siku utakaposikia ta-ta-ta ya flasha uliyoiunda mwenyewe, hutajiita tena mbadilisha spea.

Si kila kilichokufa kinadai kuundwa upya. Fungua kontroli boksi la gari kuukuu: mara nyingi utakuta kapasita imevuja na kula njia za shaba, au lehemu imepata ufa mwembamba kama unywele. Weka kapasita mpya ya kipimo kilekile, yenye kuhimili nyuzi 105, na lehemu kidogo, huenda injini ikaitika. Ila mifuko ya hewa na breki usizifanyie majaribio. Uhai wa abiria haubahatishwi.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mkoa wetu unaujua uhunzi. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, watu waliyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita, kwa udongo na makaa yao wenyewe. Leo maporomoko ya Rusumo, hapa hapa Ngara, yana mitambo ya megawati 80 kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme wenyewe tunauzalisha. Ujuzi wake tuungoje melini?

Anza jioni hii. Tafuta flasha iliyoungua, ifungue, chora kila kipande kwenye daftari na uandike kipimo chake pembeni. Kesho mwonyeshe kijana mmoja unayemfundisha kazi. Ujuzi ukikolea, nenda VETA ukapimwe, upate cheti cha ulichojifunza gereji.

Na mteja atakapokuja na kiboksi mkononi, akisema amezunguka maduka yote, kipokee umwambie: "Niachie mpaka kesho."