Mkono wa Pingu na Mkono wa Kulea

Jumapili iliyopita Mchungaji alitufundisha kutoka Matendo 16, habari za askari jela wa Filipi. Wengi wetu tulipaza amina pale kwa tetemeko na milango ya gereza kufunguka. Mimi nilibaki kwenye mstari wa 33. Yule yule aliyewafunga Paulo na Sila miguu kwa mkatale, ndiye aliyewachukua usiku ule ule akawaosha majeraha. Mkono ni ule ule mmoja. Nimekaa na swali hilo tangu mwaka jana: je, polisi anaweza kulea kijana na bado akamfunga pingu? Na akimfunga, ule ulezi ulikuwa wa kweli ama ulikuwa wa kutuchunguza tu?

Nianze na mtu mnayemjua. Kipchoge Keino wengi wetu tunamjua kwa mbio. Mexico mwaka 1968 alikimbia mita 1500 akiwa mgonjwa wa nyongo, daktari amemwonya asikimbie, na akashinda kwa 3:34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma. Lakini tunasahau kwamba alikuwa polisi. Aliingia kazi hiyo mwaka 1958, na pale chuo cha Kiganjo, Nyeri, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kurutu waliopitia kwake walijua filimbi yake kabla dunia haijajua jina lake.

Mtu huyo huyo, pamoja na mke wake Phyllis, walianza kuchukua watoto wasio na wazazi. Hawakuwapeleka mahali pengine. Waliwaweka nyumbani kwao Eldoret, na kwa miaka mingi wakalea zaidi ya watoto 100. Baadaye zikaja shule, ya msingi kisha sekondari mwaka 2009. Pale Rio mwaka 2016 kamati ya Olimpiki ikampa tuzo ya Olympic Laurel, na yeye ndiye wa kwanza kabisa kuipata. Haikuwa ya mbio, ilikuwa ya kazi kama hiyo. (Akina mama wenzangu mtanielewa nikisema picha ilipigwa ya mzee, lakini sufuria za watoto mia zilisongwa na nani? Basi Phyllis naye tumtaje.)

Kinachonigusa zaidi ni jina la shamba lao. Linaitwa Kazi Mingi. Mtoto hakuletwa pale kuhurumiwa peke yake. Keino mwenyewe alifiwa na wazazi akiwa mdogo akalelewa na jamaa, kwa hiyo nafikiri alijua kwamba yatima anahitaji sahani, na pia anahitaji mtu wa kumwambia amka.

Sasa nije kwetu, na hapa mnivumilie, maana nitajisema.

Hapa Adungosi tulikuwa na Afande mmoja, jina lake naliacha. Kila Jumamosi asubuhi alikuja uwanjani bila sare, na mpira wake aliounua kwa mshahara wake. Vijana wa bodaboda, waliotoka shule kwa kukosa karo, wale wa kuonja chang'aa, wote aliwaita kwa majina. Mtoto wa dada yangu, ninayemlea mimi, alikuwa kwenye hao. Ana miaka 19. Alianza kuamka mapema, akaanza kuongea mambo ya kurudi kujifunza umakanika. Mimi nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Afande, nikamwombea hadharani hapa kanisani. Wengine mnakumbuka.

Kwetu mpakani mnajua mambo ya njia za panya. Usiku mmoja kijana wangu alikamatwa na mifuko ya sukari kwenye pikipiki ambayo si yake, akivushia mtu ambaye hadi leo hajajitokeza. Na aliyemkamata ni Afande wetu. Kijana alidhani akimwona atampungia mkono apite. Akafungwa pingu na mkono ule ule uliokuwa unamrushia mpira.

Asubuhi nilienda stesheni na elfu tatu nimezifunga kwenye leso. Sikuziita hongo. Niliziita za chai, tena nikaomba njiani Mungu afungue mlango! Nilipozitoa, Afande hakunipigia kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Mama, nikishika hizo, Jumamosi nitawaambia nini wale wengine?"

Nilirudi na hasira. Nilimwita mnafiki, nikasema alijenga urafiki ili apate wa kukamata. Kijana naye alisema, "Toto, si nilikwambia polisi ni polisi." Na si yeye peke yake. Baada ya Juni 2024, vijana walipopigwa risasi kwenye maandamano, kumwambia kijana kwamba polisi ni mzazi ni kama kumtania. Siwezi kuwalaumu. Katiba yetu, kifungu cha 244, inataka polisi wajenge uhusiano mwema na jamii, lakini kijana haishi ndani ya karatasi.

Lakini nikikaa chini nawaza hivi. Nilitaka Afande awe mlezi kwa watoto wa wenzangu, na kipofu kwa wangu. Luka 3 tunaipenda, pale Yohana anawaambia askari watosheke na mshahara. Tunaihubiri kwao. Sijasikia ikihubiriwa kwa mama mwenye leso. Kama angezichukua, kijana wangu angelala nyumbani usiku ule, na angejifunza kwamba yale yote ya Jumamosi yana bei, na bei yenyewe ni elfu tatu.

Siku ya kesi Afande alikuja kortini. Alisema ukweli wote kuhusu sukari, hakupunguza. Kisha akaomba kusema pia anachojua kuhusu tabia ya kijana. Hakimu akatoa adhabu ya kutumikia jamii, miezi mitatu, kufyeka na kufagia kwenye zahanati. Jioni mara mbili nilimkuta Afande pale, ameketi juu ya jiwe, wanaongea. Waliongea nini sijui, nilipokaribia walinyamaza.

Afande alihamishwa, kama polisi wanavyohamishwa. Kijana wangu hakwenda kumuaga, alisema ana kazi. Wiki iliyopita aliniomba nambari yake ya simu. Nikampa. Sijauliza kama amepiga.