Umepata Asali? Kula ya Kukutosha

Somo: Mithali 25:16, 1 Samweli 14:24-30, 1 Wakorintho 6:19-20



Mithali 25:16 inaongea na mtu aliyepata asali. Fungua Biblia yako usome. Sulemani hamwambii aitupe. Anamruhusu ale, lakini kiasi cha kumtosha, maana akizidisha ataitapika. Na ukirudi nyuma kidogo, Mithali 24:13, kijana anaambiwa ale asali kwa sababu ni njema. Kwa hivyo utamu sio dhambi. Mungu ndiye aliyeuweka ndani ya embe, ndizi, muwa na sega la nyuki.

Shida yetu iko wapi? Wengine wanasema kitu chochote kitamu ni sumu. Wengine wanasema, "Mimi niliacha sukari nyeupe, natumia asali," halafu wanatia vijiko vitano kwa kikombe kimoja. Mpendwa, Sulemani hakujua sukari ya paketi. Asali yake ilikuwa ya asili kabisa, na bado akaiwekea kipimo! Neno halitosheki na kuuliza utamu umetoka wapi. Linauliza pia: ni kiasi gani?

1. Mungu aliufunga utamu wake vizuri

Ukila chungwa zima, unapata sukari pamoja na maji, vitamini na nyuzinyuzi. Unatafuna, tumbo linasikia limejaa, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Sasa kamua machungwa manne unywe juisi kwa dakika moja. Nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwa chujio, na sukari ya machungwa manne imeingia mara moja.

Sukari ya dukani ilitoka kwa muwa, lakini kiwandani yale mengine yameondolewa ikabaki sukari tupu. Ya kahawia na nyeupe zinakaribiana sana. Sukari nguru haijasafishwa sana, lakini ikifika kwenye damu ni sukari tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliweka asali na juisi ya matunda kundi moja na sukari tunayotia kwa chai. Matunda mazima na maziwa yasiyotiwa sukari hayakuwekwa hapo.

2. Kipimo kinahesabika

Mwongozo huo unasema sukari za kundi hilo zisifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Ukishuka hadi gramu 25, vijiko 6 hivi, ni bora zaidi.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haibembelezi mtu. Chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu: tisa tayari. Ongeza kola moja ya mililita 300, ambayo ina gramu 30 hivi, vijiko saba. Umefika 16, na bado hatujagusa mandazi wala keki.

Mwangalie Yonathani. Alikuwa vitani, jeshi limechoka kwa njaa. Akachovya ncha ya fimbo kwenye asali, akaonja, macho yake yakatiwa nuru. Ncha ya fimbo tu! Hakuketi pale amalize sega. Alipata nguvu akaendelea na kazi ya Bwana.

3. Tuanze hapa hapa kanisani

Jumapili tunawaita mbele wenye kisukari tuwaombee. Ibada ikiisha, tunawakaribisha kwa soda. Mgeni akiomba chai bila sukari, mwenyeji anauliza, "Kwani wewe ni mgonjwa?" Tunafunga siku tatu, halafu tunafungua na soda baridi. Wapendwa, mikono inayoombea mwili na mikono inayoandaa meza ni ya watu wale wale. Zikubaliane.

Akina mama wa jikoni, Mungu awabariki sana. Pikeni chai bila sukari, sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Kwa kesha, viazi vitamu, njugu, ndizi na maji vinatosha. Huo bado ni ukarimu.

Na tusimnyooshee mgonjwa kidole. Kisukari hakiletwi na sukari peke yake. Kuna ukoo, uzito na kukosa mazoezi, na aina nyingine humpata hata mtoto mdogo.

4. Imani haitupi dawa

Hapa nisikike vizuri. Mungu anaponya. Lakini Yesu alipomponya mwenye ukoma katika Mathayo 8, alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa na kazi ya kukagua. Ukiombewa, nenda ukapimwe. Usiache insulini wala vidonge kwa sababu umesikia vizuri siku mbili. Daktari ndiye atakayekupunguzia. Na kama unatumia dawa hizo, usifunge kabla hujaongea naye, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo pia inaua. Kuomba ukiwa umekula sio imani ndogo.

Paulo anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu na tulinunuliwa kwa thamani. Sisi ni mawakili, na wakili hutoa hesabu. Wiki hii andika kila kijiko, kila soda, kila juisi. Jumamosi jumlisha, kisha amua mbele za Bwana utapunguza nini.

Tuombe: Bwana, asante kwa utamu wa uumbaji wako. Tupe kiasi. Waguse wagonjwa wetu, wabariki madaktari na wauguzi wanaowahudumia, na utufundishe kuandaliana meza kwa upendo. Katika jina la Yesu, Amina.