Mpanda Ngazi na Anayengoja Chini

Wahenga wamesema: mpanda ngazi hushuka. Aghlabu methali hii huambiwa mwenye kiburi, akumbushwe kwamba cheo si chake milele. Mimi ilinijia kwa maana nyingine, katika mji ambao jina lake ni neno la kwanza la methali hiyo: Mpanda, mkoani Katavi, mbali mno na bahari. Huko ndiko nilikopanda ngazi, na huko ndiko nilikokawia kushuka.

Nilifika kwa treni, kwa ile reli inayochepuka Kaliua na kuishia Mpanda, muda mfupi baada ya mwaka 2012. Mwaka huo Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, na mji uliokuwa makao ya wilaya ukawa makao ya mkoa. Ofisi zikaja, watumishi wakaja, lakini vyumba havikuja kwa kasi ile ile. Dalali alinitembeza Kashaulili na Makanyagio hadi viatu vikapauka kwa vumbi. Kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi, mwengine ya mwaka mzima. Na dalali naye alitaka chake, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mshahara huja kwa mwezi, kodi hudaiwa kwa nusu mwaka: hivyo ndivyo mtu mwenye kazi ya halali anavyoingia kwenye deni kabla hajatandika kitanda.

Kisha nikaambiwa kwamba taasisi moja ya umma ina nyumba za kodi nafuu, inayolipwa mwezi kwa mwezi. Nikaandika barua ya maombi, nikajaza fomu, nikaambatisha picha ndogo, hati ya mshahara na barua ya mtendaji wa mtaa. Nikangoja. Baada ya miezi minane jina langu likabandikwa ubaoni. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda, na kosa langu lilianzia hapo: nilidhani nimeshinda.

Miaka ikapita. Mshahara ukaongezeka, nikanunua kiwanja, nikajenga. Nyumba yangu nikaipangisha kwa bei ya sokoni, miezi sita mkononi, nami nikabaki katika ile ya kodi nafuu. Sikuvunja sharti hata moja la mkataba. Jioni moja akabisha hodi mwanamke nisiyemjua. Akaniamkia, nikaitika. Alikuwa muuguzi; yeye na wanawe watatu walilala chumba kimoja, na jina lake lilikuwa na mwaka wa pili orodhani. "Samahani baba," akasema, "nauliza tu, kama mna mpango wa kuhama." Nikamjibu kuwa sina. Nilisema kweli, na sijapata kusema kweli iliyonitia aibu kama ile.

Swali alilonibisha nalo ni hili: mtu aliyepewa kitu cha umma kwa haki, wala hajavunja sharti, je, ana deni kwa mtu asiyemjua, ambaye anakihitaji kitu hicho zaidi yake?

Nchi yetu imelijibu swali hili kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kukaa. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na Serikali na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Hoja ya sheria ile ilikuwa kwamba nyumba isiwe chombo cha mtu kula jasho la mwenziwe. Lakini ilimwuliza mwenye nyumba ana nini, haikumwuliza mpangaji atakaa hadi lini. Baadaye wakaonekana wapangaji wa nyumba za umma waliogeuka wenye nyumba: wao wakilipa kodi ndogo, na ndani wamewaweka wengine kwa kodi kubwa. Jasho likaendelea kuliwa. Aliyebadilika ni mlaji tu.

Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi. Hapo ngazi iliuzwa kwa aliyekuwa juu yake, na waliofuata katika kazi zile zile wakakuta ukuta mtupu. Na katika muongo wa 2010 Shirika la Nyumba likajenga nyumba za gharama nafuu katika wilaya nyingi, Mpanda nayo ikiwamo, pale Ilembo. Nyingi katika mpango huo zilikusudiwa kuuzwa. Ni jambo jema, lakini neno "nafuu" lina ulazima wa kuulizwa: nafuu kwa nani? Anayeshindwa kukusanya kodi ya miezi sita hawezi kukusanya bei ya nyumba.

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana upande wa pili una hoja nzito. Nyumba si kiti cha daladala, kwamba ukifika kituoni unainuka na mwengine anakaa. Mtu huota mizizi. Hupanda mwembe, watoto wake huzoeana na wa jirani. Tena, ukitangaza kwamba kila anayeinuka kipato atatolewa, utawafundisha watu kuficha riziki yao. Na uchache wa nyumba haukuletwa na mpangaji. Kumlaumu aliye juu ya ngazi ni kumsamehe aliyeleta ngazi moja kwa mji mzima.

Hoja hizi nilizirudia moyoni kwa miezi, na zote ni za kweli. Lakini niligundua kwamba nilizitumia kama mtu anavyotumia pazia. Mwembe sikuupanda. Sikubaki kwa ajili ya majirani, nilibaki kwa ajili ya ile tofauti baina ya kodi niliyoitoa na kodi niliyoipokea. Na fedha hiyo haikutoka hewani. Ilitoka katika nafuu iliyokusudiwa mwenye shida, nami shida ilikwisha kuniacha.

Sisi wa visiwani tuna kipimo cha jambo hili, nacho ni wakfu. Anayeweka nyumba wakfu huifunga: haiuzwi, hairithiwi, na manufaa yake huwaendea aliowakusudia. Mji Mkongwe wa Unguja umejaa nyumba za namna hiyo. Mpangaji wa nyumba ya wakfu hakai ndani ya kuta tu, anakaa ndani ya nia ya mtu aliyekwisha kufa. Wakfu umewahi kuliwa pia, hilo tunalijua. Lakini aliyeula alijulikana kwa jina baya. Nyumba ya umma haina marehemu wa kumwonea haya, wala haina mrithi wa kuja kudai. Ndiyo maana ni rahisi kuisahau nia yake. Hata hivyo nia ipo: iliandikwa kwa kodi za watu wengi, akiwamo yule muuguzi.

Basi jibu langu ni kwamba deni lipo, ingawa mkataba hauliandiki. Hulipwa kwa mojawapo ya njia mbili: kuhama, au, ikiwa mizizi kweli imeota, kukubali kulipa kodi kamili, ili tofauti ijenge chumba cha mwengine. Na taasisi nayo ina deni lake: orodha ya wanaongoja ikae ubaoni, wazi, pamoja na miaka waliyongoja. Ni vigumu kukaa raha juu ya ngazi ikiwa kila siku unayaona majina ya walio chini.

Nilihama. Sikuhama upesi, kwa sababu mpangaji wangu alikuwa na miezi minne aliyokwisha kuilipia, na deni kwa mmoja halilipwi kwa kumdhulumu mwengine. Siku ya kukabidhi funguo nilitamani kumtaja yule mama kwa karani. Nikajizuia. Lau ningemtaja, ningekuwa nimempa yeye haki ya aliyemtangulia, na upendeleo wenye huruma ni upendeleo vilevile. Deni kwa mtu usiyemjua hulipwa kwa kuiacha zamu ifike, bila ya kuuliza imemfikia nani.

Mpaka leo sijui nani anaufungua mlango ule jioni. Namwombea usingizi mwema, na siku zake za shida zitakapokwisha, namwombea asikawie kama mimi.