Yeremia Alinunua Shamba Vita Vikiwa Mlangoni

Maandiko: Yeremia 32:6-15, Mathayo 24:4-8, 36, Luka 19:11-13



Tangu Israeli na Iran zilipopigana siku 12 mwezi wa Juni 2025, swali moja limenifuata sokoni Magunga, kwa simu, hata mlangoni mwa kanisa: "Pasta, hii ndiyo ile?" Mtu ametumiwa video, amefungua Ezekieli 38:5, ameona Uajemi, na anajua Uajemi ndiyo Iran ya leo. Basi amefunga hesabu. Mmoja aliniuliza kama bado kuna haja ya kulipa karo ya muhula wa tatu. Hapo nikajua lazima tuongee.

Kwanza tukubaliane: Yesu anarudi. Hilo halina mjadala katika kanisa hili. Lakini tusome alivyosema mwenyewe. Alitaja vita, njaa na matetemeko, kisha akasema huo ni mwanzo tu wa utungu. Kina mama mnajua, utungu kuanza si sawa na mtoto kuwa mkononi. Na mstari wa 36 unafunga mlango kabisa: siku ile haijulikani na mtu, wala malaika. Sasa mwenye simu na bando ya siku moja ameijulia wapi?

Pili, tukumbuke yaliyotokea kwetu. Mwaka 1913 kule Alego, Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka wa ziwani aitwaye Mumbo amempa ujumbe: acheni kulima, chinjeni mifugo, wazungu wataondoka na kila kitu kitapatikana bila jasho. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Septemba 1914 Wajerumani wakafika Kisii, Waingereza wakauacha mji kwa muda. Unaona jinsi habari za vita zinavyoweza kuvalisha uongo nguo ya ukweli? Waingereza walirudi. Ng'ombe aliyechinjwa hakurudi.

Kanungu, Uganda, watu waliambiwa dunia itaisha mwaka 1999 ukiisha. Waliuza mali yao. Tarehe ilipita, na Machi 17, 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada. Na Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi. Wapendwa, hawa walikuwa watu wanaomba kama sisi. Mara zote njia ilikuwa ile ile: habari ya kutisha, kisha tarehe au amri, kisha mtu anaambiwa aachilie alicho nacho, mwishowe uhai.

Sasa mtazame Yeremia. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu, yeye mwenyewe yuko kizuizini. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Mimi nilisomea biashara chuoni, na hakuna mwalimu angenipa maksi kwa kununua ardhi ambayo tayari adui anaikanyaga. Lakini Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi hati, anaita mashahidi, anamwambia Baruku aiweke hati katika chombo cha udongo ili idumu.

Angalia vizuri hapo. Yeremia hakupuuza unabii wa maangamizi. Yeye ndiye aliyeutoa! Alijua mji utaanguka, na bado akanunua, kwa sababu Mungu alikuwa amesema mashamba yatauzwa tena katika nchi ile. Anayeamini unabii wote, pamoja na sehemu ya tumaini, hatupi jembe.

Na ule mfano wa mafungu kumi, Luka anatuambia kwa nini Yesu aliutoa: watu walidhani ufalme unatokea saa hiyo hiyo. Jibu lake halikuwa tarehe. Aliwaonyesha bwana anayewaachia watumishi wake mtaji na kuwaagiza wafanye biashara mpaka atakaporudi. Siku ya hesabu hawakuulizwa kama walibahatisha saa ya kurudi kwake. Waliulizwa faida.

Je, vita vya mbali havituhusu? Vinatuhusu. Urusi ilipovamia Ukraine mwaka 2022, tuliona bei ya ngano, mafuta ya kupika na mbolea ikipanda hapa Kenya. Petroli ikipanda, mashua haiingii ziwani kirahisi, na mama wa omena anaumia. Basi kesha, lakini kesha ukiwa na akiba.

Na jambo lingine linanichoma. Sudan inaungua tangu Aprili 2023. Goma ilitekwa Januari 2025. Mbona hakuna anayeniuliza "hii ndiyo ile" kuhusu majirani zetu? Kama vita ni ishara, basi hata machozi ya Goma ni ishara, na ishara hiyo inatudai maombi na sadaka.

Wiki hii fanya mambo matatu. Lipa karo, hata kama ni kidogo kidogo. Usiache mchango wako wa chama. Na mtu akikuletea tarehe ya mwisho wa dunia, mwulize yeye atakula nini siku inayofuata, kisha mlete tuombe pamoja.

Bwana wetu akija akukute na nyavu zako zimeshonwa, watoto wako darasani, moyo wako safi. Mtumwa wa namna hiyo haogopi mlango ukigongwa. Amina.