Uchovu si Uvivu

Kwetu Dodoma mvua ni chache na msimu wa kulima ni mfupi. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Desemba, nyumba nzima huenda shambani, na anayebaki kitandani wenzake wakibeba majembe hupewa jina moja tu, mvivu. Sisi tuliofundisha miaka mingi tulilitumia jina hilo bila kulipima. Leo twajiuliza kama ni haki kumwita mtu hivyo kabla ya kujua mwili wake umepitia nini, na tunayemfikiria hasa ni mama aliyetibiwa saratani ya matiti.

Hao si wachache. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu duniani. Mgonjwa wa huku hupasuliwa, huwekewa dawa kali kwenye mshipa, na wengine husafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupata mionzi. Akirudi, majirani humjia kwa furaha. Baada ya muda waanza kunong'ona: nywele zimeota, kidonda kimepona, mbona angali analala mchana?

Waganga wanalo jibu. Uchovu wa jembe huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja, lakini huu hauondoki hivyo. Huletwa na ugonjwa wenyewe, na dawa, na mionzi, na upungufu wa damu, na maumivu, na usiku wa mawazo. Na kwa baadhi hudumu miezi, hata miaka, baada ya matibabu kwisha. Homa ina kipimajoto. Uchovu huu hauna kipimo ila neno la mgonjwa mwenyewe, na asipoaminiwa hana ushahidi mwingine wa kuleta.

Nasi tuliwahi kutomwamini mmoja. Katika chuo kimoja cha ualimu tulikuwa na mwalimu mwenzetu aliyerudi kazini baada ya kutibiwa ugonjwa huo. Wakati wa kazi za nje, wanachuo wakifyeka na kumwagilia bustani, yeye aliketi chini ya mti. Zamu ilikuwa yetu. Tulimwandika katika kitabu cha zamu kwamba hakusimamia kazi, tena tukamwuliza mbele ya vijana kama hospitali haikumruhusu. Alijibu, "Ndiyo, Mwalimu," akainuka, akasimama juani mpaka kengele ilipolia. Wakati ule tulijiona tumetenda haki kwa wote.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo huvaa vazi la huruma: kumwambia mgonjwa alale tu, asiguse kitu. Misuli isiyotumika hulegea, na mwili uliolegea huchoka upesi zaidi. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo akamwamsha mara ya pili kwa ajili ya safari. Vyote viwili vilikuwamo, kupumzika na kuinuka, kila kimoja kwa wakati wake.

Katika miaka hii watafiti wametazama njia moja ya namna hiyo, ambayo ni yoga ya polepole. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walitoa habari za wanawake 200 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti. Nusu yao walifanya yoga mara mbili kwa juma kwa majuma 12, na nusu wakangojea zamu yao. Majuma hayo yalipokwisha, tofauti ya uchovu haikuwa imejitokeza wazi. Miezi mitatu baadaye, uchovu wa waliofanya ulikuwa chini kwa asilimia 57 kuliko wa wenzao. Sisi twalipenda jambo hilo la kuchelewa, maana mwalimu analijua.

Wengine watauliza kama Mkristo anaruhusiwa. Ni kweli yoga ilizaliwa India, ndani ya dini nyingine, na mwenye dhamiri inayomsumbua asilazimishwe. Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho habari za nyama na dhamiri. Lakini kulala chali mkekani huku miguu imeegemezwa ukutani, kutia blanketi lililokunjwa chini ya mgongo, kuinua mkono taratibu, kutoa pumzi polepole, hayo twaona ni mwili tu. Asiyetaka jina aliache jina. La muhimu zaidi ni kumwuliza daktari kwanza, hasa kwa aliyevimba mkono au ambaye ugonjwa umefika mifupani, na damu ipimwe, maana upungufu wa damu hautibiwi kwa mkeka.

Hata hivyo twaona ugumu wenyewe hauko kwenye yoga. Mama wa Mvumi au Kongwa atapata wapi nusu saa ya kulala mkekani? Maji hayajatekwa, mtama haujatwangwa, watoto wanarudi shuleni na njaa. Tukimpa maarifa ya Ohio bila kumpunguzia ndoo, tumemwongezea kazi moja juu ya zile za zamani. Basi anayetaka kumsaidia na aulize kwanza nani atatwanga siku hiyo. Waume nao waulizwe, tena wao kwanza.

Mwenzetu yule angali hai, amestaafu kama sisi. Tulipokwenda kumwomba radhi alitucheka sana, akasema habari ya kitabu cha zamu ameisahau kabisa. Alichokumbuka ni wasichana wawili wa mwaka wa kwanza ambao kila jioni, bila kutumwa na mtu, walimwachia ndoo ya maji mlangoni. Alituuliza kama tunayajua majina yao. Hatukuyajua.